Wiki ya Muungano tunapanda Usambara, masika na iwe masika. Nikosoeni ratiba

Kiroba Mgongoni (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Tuko watano, wote wa Dar, wadada wawili na wanaume watatu. Hakuna kati yetu aliyewahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi za ghorofa siku umeme umekatika. Likizo zetu zimekutana wiki ya mwisho ya Aprili na tumeshakubaliana: milima ya Usambara, Tanga.

Ratiba niliyoichora ni hii. Jumatatu tunatoka Dar alfajiri, jioni tuko Irente, lile genge la kutazamia mandhari karibu na Lushoto, tunaangalia jua linazama. Jumanne asubuhi msitu wa Magamba, mchana tunaondoka kwenda Mtae, tunalala huko. Jumatano Mtae hadi Amani. Alhamisi tunashinda Amani: vipepeo, maporomoko, bustani ya Wajerumani, jioni tunapitia msitu wa Magoroto. Ijumaa Dar.

Tuna gari dogo la kuazima, mahema mawili na spika. Najua Aprili kuna mvua, ila mvua ni mvua tu, tutajifunika. Mnaokujua huko nikosoeni bila huruma. Msiniambie tu niahirishe, likizo haihamishiki.

Mpare wa Bondeni

"Mvua ni mvua tu." Mkuu, hiyo ya Jangwani inakufungia barabara unalala kazini, sembuse ya mlimani. Ngoja wenyeji waje. Mimi nimekaa siti ya mbele.

Binti Shambalai

Nimezaliwa Lushoto, nimesoma huko mpaka kidato cha nne, na mpaka leo nikisema nakwenda nyumbani nina maana ya huko. Kaka, hamu ya safari unayo, ila hiyo ratiba umeichorea sebuleni.

Usambara ni milima miwili. Kuna ya Magharibi: Soni, Lushoto, Bumbuli, Mlalo, mpaka Mtae. Kuna ya Mashariki, ndiyo Amani, unapanda kutokea Muheza. Katikati limelala bonde la Mto Lwengera. Kwenye simu yako Mtae na Amani zimeachana vidole viwili. Kwa gari unarudi mpaka Lushoto, unashuka Mombo, unafuata lami Korogwe, Segera, Muheza, halafu unaanza kupanda upya. Kiangazi hiyo ni siku nzima na mgongo unauma. Masika sitaki hata kuhesabu.

Halafu mvua yenyewe haianguki sawa kila mahali. Upepo unatoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu, ukigonga milima unalazimika kupanda, unapoa, unamwaga. Amani ndiyo kifua kinachopokea hilo pigo, karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mtae iko mgongoni, mwisho kabisa kaskazini, inachungulia nyika ya Mkomazi. Nimewahi kusimama pale Mtae nimelowa mpaka soksi, na kule chini naona vumbi la ng'ombe linapaa. Mvua imeishia miguuni kwangu. Kwa hiyo kabla ya kupanga utaona nini, amua unalala upande gani wa mlima.

Na baridi. Mombo ni kama mita 400 kutoka usawa wa bahari, Lushoto mjini ni kama 1,400. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka takriban nyuzi 6. Unashuka kwenye basi Mombo unajipepea, saa moja ya kona baadaye unatafuta sweta, na sweta liko kwenye begi lililofungwa juu ya gari linalonyeshewa. Nimeliona hilo kwa wageni mara nyingi mno. Sweta liwe mapajani.

Ushauri wangu: chagua upande mmoja. Lala Lushoto usiku tatu, Mtae mmoja, na siku moja usiipangie kitu chochote. Siku hiyo mvua itaichukua yenyewe, utaona.

Dereva wa Kona

Dada kamaliza, mimi niongelee gari.

Naendesha Noah njia ya huko. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, lami, kona tupu, ukuta mkono mmoja na korongo mkono mwingine. Gari dogo linafika bila shida. Ila masika mlima unaachia. Usiku ikinyesha sana, asubuhi unakuta jiwe la ukubwa wa jiko limekaa katikati ya njia yako baada ya kona. Ndiyo maana tunapiga honi kila kona na ndiyo maana sisi wenyewe hatupendi kupanda usiku. Toka Dar mapema, saa tisa alasiri uwe umeshaipita Soni. Kushuka, shusha gia. Watu wa mjini wanakanyaga breki mlima mzima, wakifika Mombo zinanuka kama mpira unaoungua, halafu wanauliza fundi yuko wapi.

Shida inaanza ukishaacha lami. Kuna masika moja niliitwa kwenda kuwatoa vijana wa Dar mbele ya Magamba. Gari la kukodi, la chini. Aliyewakodisha aliwaambia "hili linapita popote". Tope la huko ni jekundu, linashika kama unga wa ngano uliokandwa. Tairi zilijaa zikawa laini kama mkate, hakuna meno. Linateleza taratibu kuelekea mtaroni, dereva amekata usukani wote na gari halijali. Tukakata matawi, tukapanga mawe chini ya tairi, wanakijiji kama kumi na wawili wakasukuma. Tairi la akiba lilikuwa halina upepo. Tuliwatoa saa mbili usiku, mmoja wao anatetemeka mpaka anashindwa kushika kikombe.

Bosi, gari lako lilaze Lushoto mahali penye mlinzi. Huko mbele panda gari za wenyeji au bodaboda. Bodaboda wa huko masika anafunga mnyororo tairi la nyuma, na anajua jiwe gani liko wapi chini ya tope. Wewe hujui.

Kiroba Mgongoni (mleta mada)

Duh. Sawa, gari linalala Lushoto. Magoroto nimeifuta. Amani inaniuma kuifuta, nipeni muda.

Je mahema? Tumenunua mapya kabisa, wauzaji wamesema hayapitishi maji. Na viatu, raba za mazoezi zinatosha?

Binti Shambalai

Hema "halipitishi maji" kama lile gari "linapita popote".

Nikwambie kitu kuhusu hema msimu wa mvua. Maji ya juu utayazuia, yanayokusumbua ni ya chini. Ukipiga kambi kwenye kibonde kwa sababu pako tambarare na pana nyasi laini, jiulize kwa nini nyasi zimestawi pale. Ni njia ya maji. Saa nane za usiku unaamka godoro linaelea. Kando ya kijito ndiyo usithubutu kabisa. Mvua ikinyesha kilele cha juu usikoiona, kijito kinapanda hapo kwako kukiwa kukavu. Maji ya magotini yakikimbia yanamwangusha mtu mzima, na yakishakuwa ya kahawia yanabeba vijiti, hayavukwi. Kaa, subiri. Mara nyingi yanashuka ndani ya saa chache.

Halafu siafu. Mvua ikijaza mashimo yao wanahama. Tulikuwa sekondari, tumelala nje ya nyumba ya bibi kwa ujinga wetu wa likizo. Nilisikia sauti kwanza, kama mtu anamwaga mchele taratibu juu ya majani makavu. Nikawasha tochi: kamba nyeusi, pana kama mkono wangu, inatembea, imeshapita kwenye kona ya shuka na inaingia upande wa ndugu yangu. Alivyoamka hakuna anayetaka kukumbuka. Bibi alitoka na majivu ya jikoni, akamwaga mstari kuzunguka mlango, akarudi kulala. Hakutuambia hata pole.

Kwa hiyo, laleni nyumba za wageni. Ziko nyingi, na Rangwi hata masista wanapokea wageni kwa ambao wanatembea kwa miguu mpaka Mtae.

Viatu: raba zenye meno, zilizokwisha kuvaliwa, pamoja na gambuti kwa kuzunguka vijijini. Kiatu kipya ni malengelenge siku ya kwanza. Jinzi ziache Dar zote. Jinzi ikilowa ina uzito wa ndoo na haikauki mpaka uondoke. Nenda mitumba, Karume pale, utapata suruali nyepesi za nailoni na masweta ya manyoya ya bandia kwa bei ya kawaida.

Na msibebe mifuko ya plastiki kufungia nguo, imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 1, 2019. Sisi tunatumia salfeti: kiroba cha unga au sukari, kioshe, kikaushe, kiweke ndani ya begi, nguo zote zikae humo, ukunje mdomo mara tatu. Begi litalowa, nguo hazitalowa. Simu na betri ya akiba, chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, kile cha kuwekea mboga.

Mpare wa Bondeni

Mleta mada jina lako limeshatimia, kiroba mgongoni kweli kweli.

Mhifadhi Mstaafu

Vijana, salaam. Nimesoma uzi wote. Mwanangu Binti Shambalai amesema vizuri, ila amevuta kamba kwao, na mimi nitavuta kwangu. Nimefanya kazi misitu ya mashariki miaka mingi.

Kama mnakwenda kutazama mandhari, nendeni magharibi. Kama mnakwenda kuona msitu, masika ndiyo msimu wa Amani na mnakosea kuifuta. Msitu wa kiangazi umelala. Mvua ikinyesha, kila gogo lina uyoga, vyura wanaimba mpaka hamsikilizani. Usiku ndiyo kazi yenyewe. Mnatoka na mwongozaji na tochi, mnamulika ncha za matawi membamba. Kinyonga akilala rangi yake hupauka, kwenye mwanga anaonekana mweupe kama jani lililokauka, ameshika kijiti kwa vidole vyake vya koleo, mkia umeviringishwa. Mchana mnapita hapo hapo mara kumi hammwoni.

Wengi wanajua Amani kwa bustani, kwamba Wajerumani waliianzisha 1902 kujaribu mimea ya kila aina kutoka duniani. Wachache wanaangalia chini, kwenye mawe yenye kivuli kando ya vijito. Kuna ua dogo la zambarau, majani yana vinyweleo kama shavu la mtoto. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire alilipata Usambara, mbegu zikapelekwa kwao, likaitwa Saintpaulia kwa jina lake. Leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani, na wapo Watanzania wamelinunua dukani kwenye kopo bila kujua limetoka Tanga. Huko kwao linaning'inia kwenye jiwe lenye maji. Msilichume.

Ila mashariki nako si kwa kupitia tu. Laleni Sigi, getini, kama mita 450, palipokuwa mwisho wa reli ndogo ya Wajerumani, au pandeni Amani kwenyewe, kama mita 900. Siku tatu hazitoshi lakini zinaheshimika. Chandarua lazima, hasa huko chini. Na kila jioni chukueni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitoa tahadhari ya mvua kubwa kwa Tanga, msianze safari ya barabara siku hiyo.

Kiroba Mgongoni (mleta mada)

Shikamoo mzee wangu. Sasa umenivuruga upya.

Mhifadhi Mstaafu

Marahaba. Chagua mmoja, mwingine hauhami.

Mama Wawili

Samahani kuingilia. Nimewahi kwenda Magamba na wanangu. Jamani semeni na la malipo. Magamba na Amani zote ni hifadhi za mazingira asilia chini ya wakala wa misitu, TFS. Unalipa kwa namba ya malipo ya serikali, hupewi risiti ya mkono. Raia analipa tofauti na mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho cha taifa. Sisi tulikwama getini nusu saa kwa sababu mtandao ulikuwa chini kwa ajili ya mvua, watoto wanalia njaa. Shughulikieni malipo mkiwa bado mjini, na muwe na fedha taslimu kidogo za bodaboda na chakula, si kila mtu mlimani ana laini yenye salio.

Mwongozaji msimwone gharama. Wa kwetu alitugeuza njiani saa saba mchana, jua linawaka, mimi nikanuna. Tulipofika barabarani ikaanza. Alikuwa amesikia kima wameacha kelele, ndivyo alivyosema, sijui ni kweli au alitazama tu wingu.

Dereva wa Kona

Alitazama wingu, dada. Ila kazi aliifanya.

Kiroba Mgongoni (mleta mada)

Tumepiga kura kwenye kundi letu, tatu kwa mbili. Tunakwenda magharibi. Lushoto usiku tatu, Mtae mmoja, siku moja tupu. Mahema yanabaki. Waliotaka Amani wamenuna, mmoja ni mimi.

Nitaleta mrejesho.

Mpare wa Bondeni

Wote husema hivyo, halafu kimya.

Kiroba Mgongoni (mleta mada)

MREJESHO. Samahani kwa kuchelewa, nimerudi na mafua ya haki.

Tulipanda siku ya kwanza bila tatizo, Soni tukaipita saa nane, yale maporomoko kando ya barabara yamejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Honi kila kona, dereva mwenzangu alichoka kusikia. Sweta zilikuwa mapajani, dada asante.

Siku ya pili Magamba. Tulilipia mjini, tukaanza saa moja asubuhi na mwongozaji. Saa tatu za kutembea, ukungu umekaa katikati ya miti, unaona shina hapo mbele halafu halipo. Mbega tuliwasikia kabla ya kuwaona, na walipotokea waliruka juu yetu na ile mikia myeupe kama mapazia, maji yote ya majani yakatumwagikia. Tulilowa kwa mbega kabla hatujalowa kwa mvua. Mmoja wetu alivaa jinzi kwa ubishi. Siku ya nne, tunaondoka, jinzi bado mbichi.

Siku ya tatu tulitakiwa Mtae. Usiku ule ilinyesha bila kupumua, asubuhi mwenye gari akapiga simu kwamba udongo umeshuka barabarani huko mbele, tusubiri. Ile siku tupu ikaliwa hapo hapo. Nilikuwa na hasira mpaka saa nne asubuhi. Mama mwenye nyumba ya wageni akatuita jikoni, akatupa magazeti ya zamani, akatuonyesha kuyakunja mabonge na kuyajaza ndani ya viatu mpaka kwenye vidole, kuyabadilisha kila baada ya saa moja, viatu visogezwe karibu na moto ila visiuguse, maana gundi inaachia. Tulikula viazi na maharage mara tatu siku hiyo. Mvua ilikuwa inapiga bati, hatusikilizani, spika haikutoka kwenye begi.

Mtae tulifika siku ya nne, bodaboda mbili na gari moja la wenyeji. Kweli kule chini ni kukavu! Nimepiga picha: nusu ya juu wingu jeusi, nusu ya chini nyika ya rangi ya simba. Nitaipandisha nikipata mtandao mzuri.

Irente ndiyo iliyonimaliza, tuliiacha ya mwisho asubuhi ya kurudi. Tulifika tukakuta ukuta mweupe. Huoni hata jiwe ulilosimamia. Wengine wakasema twende. Tukakaa, tukanunua mkate na jibini la pale shamba la Irente, tukala. Baada ya saa moja na nusu hivi ukungu ukapasuka katikati kama mtu amefungua zipu, na chini, chini kabisa, ikatokea barabara kuu na malori yake kama punje, mistari ya katani Mazinde, jua limewaka huko kama nchi nyingine. Nahesabu ilikuwa dakika nane. Halafu ikajifunga.

Wale wawili wa Amani tumeshakubaliana Novemba, vuli, usiku nne upande ule tu. Mzee Mhifadhi, swali moja: kwa wale vinyonga wa usiku tuje na tochi ya namna gani?

Mhifadhi Mstaafu

Ya kufunga kichwani, na betri za akiba. Mkono mmoja utashika fimbo, wa pili utashika mti. Na huyo mwenye jinzi mwambieni nimemsikia.